Kamanda Uliyewakalisha Wote

Mwaka umekatika, Mama, tangu uanguke pale sebuleni, sare yako ikiwa nusu imepigwa pasi, na mpaka leo hatujaamini.

Miezi yote ya ule mlipuko wa ugonjwa, ulipokuwa muuguzi msimamizi wa wodi ya waliotengwa, tulikuwa tayari kwa lolote. Kila ulipotoka, Baba alikusindikiza kwa macho mpaka kona. Ukirudi unavua viatu nje huku unapiga kelele, “Msinikaribie! Nanuka dawa mpaka kwenye kope!” Tukacheka. Ugonjwa ukaisha, wodi ikaoshwa, ikafungwa. Tukashusha pumzi. Kumbe! Moyo, walisema. Moyo wako wewe, Mama? Uliulalamikia lini?

Habari za benchi tulizisikia mazishini. Wenzako walisimulia kwamba uliliweka nyuma ya chumba cha kufulia, ukatoa amri: anayemaliza zamu haendi nyumbani kabla hajakaa pale na mwenzake akasema kilichomkaa rohoni. Wa kulia alie, wa kutukana atukane. Wafagizi walikaa, madaktari walikaa. Kuna daktari alijitia ana haraka, ukamwambia, “Kaa chini, baba. Ukipasuka njiani nani atakuokota?” Akakaa. Ndiyo maana walikuita Kamanda. Muuguzi mmoja alisema wazi kwamba bila benchi lile angekuwa ameshaacha kazi.

Tulivimba vichwa, tusikufiche. Kisha mama mdogo, unamjua mdogo wako na mdomo wake, akauliza, “Na yeye alikuwa anakaa na nani?”

Wenzako wakatazamana. Walidhani machungu yako unakuja kuyatua kwetu. Sisi, kwa vichekesho vile ulivyokuwa unatuletea, tulidhani huna. Tuliduwaa, Mama. Tungali tumeduwaa. Nyumba nzima ya watu wanaokupenda, hata mmoja hakukuvutia kiti!

Kitinda mimba wako sasa ni muuguzi katika hospitali ile ile. Juzi alirudi kutoka kazini, akapitiliza chumbani. Baba, ambaye kumtoa neno ni kazi, akamfuata.

“Vipi huko, mwanangu?”

“Salama tu, Baba.”

Tulidhani ataondoka. Akavuta kiti, akaketi.

“Mama yako alinijibu hivyo hivyo asubuhi ile, nami nikachukua koti langu nikaenda zangu kazini. Leo siondoki. Sema.”

Binti yako akasema, Mama. Akalia, na Baba naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Sisi wengine tulisimama koridoni, hakuna aliyethubutu kuwasha taa.

Unakumbukwa na mumeo, wanao na wakwe zako, wajukuu waliozoea kukimbizwa wakanawe mikono, mdogo wako, na wenzako wote wa wodini. Hututoki moyoni, Mama, siku zote za uhai wetu.