Taa za Uani kwa Bimdogo

Mbaraki, Mombasa
Jumatano, 15 Mei 1996

Ndugu yangu Katana,

Salamu zangu zikufikie huko Kaloleni, wewe, mama watoto na wazee. Natumai mguu wako umepona. Huku tu wazima, isipokuwa mke wangu Bimdogo, aliyeungua mkono kwa umeme. Umeniuliza kama ni kweli mdogo wako Thoya ndiye wa kulaumiwa.

Unakumbuka nilimjengea Bimdogo kibanda cha kushonea uani, nikataka na taa njiani, kutoka mlango wa jikoni hadi huko. Ukaniletea Thoya, kwa kuwa ndiye fundi wa umeme. Alipima kwa hatua, akauliza cherehani ni ngapi na pasi ni ya aina gani, kisha akachora. Kibanda kiwe na swichi yake ya kujikata yenyewe umeme ukivuja, na waya wa taa uwe wenye ganda la chuma, ufukiwe kina cha goti. Nilimwambia hii ni nyumba ya mwalimu, si bandari, nikamhutubia kuhusu mafundi wanaomnyonya mwananchi. Alingoja nimalize, akanijibu kwamba umeme hausomi makala za gazetini. Bimdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Kibanda alikimaliza, kazi safi. Taa za njiani nilimkatalia.

Wiki jana mvua ilinyesha, Bimdogo akashika nguzo ya taa, ikamtupa. Jioni ile nilikwenda barazani Kibokoni nikasema Thoya nusura aniulie mke. Unanijua nikianza. Kufikia Jumatatu watu wawili walikuwa wamemnyang'anya kazi. Nasikia hakujitetea, alisema tu kwamba Mwalimu anajua.

Najua, Katana. Waya ule niliuweka mimi. Nilichukua waya mwembamba wa pasi kuukuu, nikaunga vipande kwa utepe, nikaufukia kina cha kidole, wala sikuupitisha kwenye ile swichi ya kujikata. Nimesoma vitabu vingi, nikaona fundi hawezi kunifundisha kitu. Na nilipokuwa nikimtukana, nililijua hilo fika.

Jana nilimwambia Bimdogo. Aliniuliza nimewadanganya watu wangapi, akasema nianze na hao.

Wale wawili nitawaendea majumbani kesho. Ijumaa, baada ya swala, nitasimama baraza ile ile na kusema kwa sauti ile ile. Barua hii naituma leo hii kwa matatu ikuwahi, nami nakuomba jambo moja tu: mzuie Thoya asifike siku hiyo. Ana huruma yule, atanitetea.

Wasalimie wazee, na watoto uwabusu kwa niaba yetu.

Ni mimi nduguyo,
Lali Shee