Asilimia za Were

Woodley Estate,
Nairobi.
16 Juni 2024

Mpendwa wifi Jacklyne,

Pokea salamu zetu nyingi. Joto la Doha limepungua? Na mgongo, umeacha kukusumbua? Sisi tupo, ingawa siwezi kusema tu wazima. Ivyne amepona kikohozi, amerudi shule.

Uliponiuliza habari za kaka yako kwenye simu nilikwepa, kwa sababu alikuwa amekaa hapo karibu.

Mwezi wa pili bodi ya madaktari wa jeshi ilimpima Were. Kila jeraha hupewa asilimia yake, na hizo ndizo huamua malipo ya ulemavu. Mguu uliovunjwa na bomu kule mpakani waliuona, wakaupa ishirini. Kuhusu kichwa walimuuliza tu. Unamjua kaka yako. Alikaa wima akajibu, "Niko sawa, daktari." Wakaandika sifuri.

Nilimsihi hadi akakata rufaa. Safari hii, pale ofisi za jeshi Hurlingham, daktari mmoja alinigeukia.

"Mama, wewe ndiye unaishi naye. Nyumbani unaona nini?"

Were alinitazama, akatikisa kichwa polepole.

Wifi, nilisema. Nilisema hukojoa kitandani. Nilisema mlango ukibamizwa hujificha nyuma ya kochi, na kwamba siku moja alimkaba Ivyne shingo akidhani ni adui, kisha akalia hadi jioni. Kaka yako aliinamia kofia yake mapajani, hakuinua uso tena.

Tulipotoka akaniambia, "Umenianika, Mama Ivyne. Ungeniacha tu na hiyo ishirini."

Majibu yalikuja wiki iliyopita: sitini. Wamempangia pia daktari wa akili, lakini hataki kwenda. Majirani wananipongeza, nami naitikia tu.

Tangu siku ile ya bodi, akitaka kitu kwangu humtuma Ivyne. Jumapili iliyopita vidole vyake vilishindwa na vifungo vya shati. Zamani angesimama kimya nimfungie. Nilipomkaribia alirudi nyuma, akatoka vifungo vimepishana, akatutangulia kanisani hivyo hivyo, watu wakimwangalia.

Mpigie, wifi. Wewe ni dada yake mkubwa, labda atakusikia. Lakini usiniombee msamaha. Bodi ikiniuliza tena nitasema yale yale, na yeye anajua.

Nisalimie wanao, Sammy na Zedekiah. Mama mkwe kule Busia anawataja kila anapoomba. Mungu awafunike huko ugenini.

Wifi yako anayekupenda,
Peres