Meli Tatu Tulizozifunga Bila Wewe

Kaka Mrisho,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuitikia salamu. Kikosi chako cha kamba za kufungia meli hakikuvunjwa. Nimechoka, viganja vimevimba, na mwandiko wangu unaujua, wa mtu aliyeishia darasa la sita. Lakini sitalala kabla sijakueleza.

Tangu tulipokusindikiza uwanja wa ndege ukiwa ndani ya sanduku, hapa bandarini Mutrah, Maskati, hakukuwa shwari. Bwana Nassor, msimamizi wetu, aliniita akasema kwa Kizanzibari chake, "Mrisho ndiye alokuwa gundi yenu. Sasa nnawagawa. Wabangali wende usafi, Wapakistani wende ghalani, nyie Watanzania mubakie na kamba." Nikamwomba nafasi moja tu. Akaniweka mimi mbele, mahali pako. "Meli za kivita zinakuja. Nnataka mdomo mmoja gatini. Nikisikia miwili, basi."

Unajua kwa nini hilo lilinitisha. Wewe ulitufundisha kwamba anayeamuru kamba ni mmoja, ila neno "Shika!" ni la kila mtu. Yeyote akiona hatari alipaze, na wote, hata kiongozi, waache kuvuta. Bwana Nassor hakulijua hilo, na alishageuza mgongo kabla sijamweleza.

Zikaja. Tatu, kaka, za kijivu, ndefu, hazina hata dirisha la kuchungulia: ya Kiitaliano, ya Kigiriki na ya Kiholanzi. Zinalinda meli za mizigo baharini kwa pamoja. Upepo ulikuwa ule wa moto unaotoka milimani, unaokausha mate. Ya kwanza tuliifunga vizuri. Ya pili, nimepaza "Vuta!" na watu wameanza kuvuta, mara Shafik, yule Mbangali wa mwisho uliyemfundisha, akapiga sauti kuliko yangu: "Shika!"

Tukashika. Hakuna aliyeuliza. Kamba ilikuwa imejikunja mguuni mwa Gul, Mpakistani wetu mnene, na mwenyewe anakodolea macho mizinga kule juu. Tungevuta kidogo tu, leo ningekuandikia habari nyingine. Gul akautoa mguu, akataja jina la Mungu, nami nikapaza "Vuta!" upya. Lakini moyoni nilisema tumekwisha. Midomo miwili. Na Bwana Nassor kasimama palepale, mikono kiunoni.

Tulipomaliza meli ya tatu alinijia. "Nani kamruhusu yule kupiga kelele?"

Nikamwambia, "Mrisho."

Nikamweleza kanuni yako yote. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Usiku ule hakuna aliyekula vizuri chumbani kwetu.

Kesho yake wakubwa wa bandari walialikwa kwenye meli ya Kigiriki, nasi wafunga kamba tukakaribishwa pia. Vyumba vya siri hatukupelekwa. Ila pale sitahani ofisa mmoja alitueleza, Bwana Nassor akitutafsiria. Kaka, ungekaa kitako! Wana ndege ndogo isiyo na rubani, inaruka kutoka kwa Mholanzi, na picha yake Mgiriki na Mwitaliano wanaiona papo hapo. Rada ya mmoja ni macho ya wote. Mkuu wao safari hii ni Mwitaliano, akimaliza zamu atashika wa taifa jingine. Babu zao walichinjana, wao wanabishania kahawa ya nani tamu.

Gul akauliza, "Mdogo iko ona kombora, mkubwa bado, sasa nani iko sema?"

Ofisa akasema anayeona kwanza ndiye anayetoa tahadhari. Meli zote zinaipata wakati uleule, na hakuna anayeuliza imetoka chini ya bendera gani. Bwana Nassor alikuwa anatutafsiria maneno hayo, akakwama katikati. Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyebanwa na kanuni yako.

Tunashuka ngazi, akasema, "Haya. Kikosi nnakiacha kama kilivyo. Na hilo neno lenu, kila mgeni mumfunze siku ya mwanzo."

Gul, ambaye kimya hakijui, akajibu kwa kile Kiswahili ulichomfunza wewe, "Wao iko rada. Sisi iko Shafik!" Tulicheka mpaka mlinzi wa geti akatoka kuangalia kuna nini. Shafik mwenyewe alijificha nyuma yangu kama bi harusi.

Jioni tukapika biriani, sinia moja, mataifa matatu. Tulikuwekea sehemu yako. Gul akaila, akasema marehemu hakupenda chakula kilale. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa, machozi na kicheko vilikuja pamoja.

Kaka, mkataba wangu unakaribia kwisha, na mgongo unaniambia nirudi Morogoro. Nakuahidi: nafasi yako sitamwachia Mtanzania kwa sababu tu ni Mtanzania. Namwachia Shafik. Nimeshamwambia Bwana Nassor. Akashika kichwa: "Mbangali aamrishe watu kwa Kiswahili, hapa Maskati? Mungu mkubwa!" Lakini hakukataa.

Nikifika nyumbani nitapita Muheza kwanza, kwa mama yako, nimweleze kwamba mwanawe kaacha watu nyuma yake. Pumzika, kaka. Asubuhi kuna meli nyingine, na tutakwenda wote.

Mdogo wako,
Hamisi