Kipande chenye Vidole Sita

4 Machi

Mwanangu kipenzi,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaendelea kusoma nijibu kwanza: umekula? Barua yako ya mwisho niliiona imeandikwa na mtu mwenye njaa. Mimi mzima. Miguu inalalamika lakini inanifikisha. Mama Pindo wa cherehani ya pili anakusalimu, anasema ukizidi kukaa huko atakushonea gauni la vipimo vya mtu mwingine.

Kazi ipo, ila mwaka huu nina mkosi. Sare kumi na moja za shule zimerudishwa, eti mishono imekwenda upogo. Mimi! Miaka thelathini kwenye cherehani, leo nishone upogo? Nimenunua rula mpya, nayo imepinda. Mama Pindo kanicheka: "Hilo duka linauza rula za kuchorea nyoka."

Sasa, ulisema miaka miwili, na huu ni wa tano. Watu wakiniuliza binti yako anafanya kazi gani, nasema anaotesha chumvi, maana ndivyo nilivyoelewa. Nieleze vizuri basi. Nataka kujua ni kitu gani unachokitazama kila siku, mimi nisikuone.

Mama yako

29 Machi

Shikamoo Mama,

Nimekula, nimeshiba, usinichape. Afya njema, baridi tu na kikohozi kidogo.

Si chumvi, ingawa hukukosea sana. Mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili. Ni protini yenye umbo kama herufi Y, na mikono yake ndiyo inayomkamata adui. Sisi tunachukua ncha ya mkono tu, tunaitengeneza upya maabara ili ishike sumu ya nyoka. Ni nusu mbili zilizoungwa kwa uzi mfupi, na mbele kuna vitanzi sita, kama vidole.

Kila kilichomo tunakijua. Lakini wewe ni fundi, unajua: vipande vya shati vikilala mezani bado si shati. Mpaka mtu alivae ndipo unaona kwapa linavuta wapi. Mimi nalitafuta hilo shati likiwa mwilini. Limejikunjaje? Kidole kipi kinagusa sumu, kipi kimekaa bure? Ili tulione, vipande lazima vijipange kwa mamilioni viwe fuwele, punje ndogo kuliko kichwa cha pini, kisha tuipige eksirei. Miezi tisa sasa fuwele zinakataa kuota. Ndiyo maana siji.

Ila Agosti nakuja, siku nane. Naapa.

Binti yako

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Kikohozi kimekwisha? Usinidanganye, nakujua. Mimi sijambo. Herufi zimekuwa kubwa kwa sababu kalamu hii imezeeka kama mwenyewe.

Juzi nilimsindikiza jirani hospitali ya macho. Akitazama fremu ya mlango anaiona imejikunja, na katikati ya kila kitu ana doa. Daktari akasema ni mishipa inavuja nyuma ya jicho, atadungwa sindano kila mwezi, dawa yenyewe ni kipande cha kingamwili. Nikashtuka kusikia neno lako! Nikamuuliza, "Kina vidole sita?" Daktari akavua miwani akanitazama. "Mama, wewe umesomea wapi?" Nikamwambia kwenye barua.

Lakini sindano jichoni, mwanangu! Jirani anaogopa. Na kwa nini wampe kipande, wasimpe kizima?

Mama

20 Juni

Shikamoo Mama,

Kikohozi kimekwisha. Mwambie jirani dawa hizo ni za kweli, ingawa si sisi tunaozitengeneza. Kipande ni kidogo, kinapenya hadi nyuma ya jicho, kinakamata kile kinachoifanya mishipa ivuje. Asikose hata mwezi mmoja. Kovu likishajijenga, halifutiki.

Sasa sikia: FUWELE ZIMEOTA! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Wiki ijayo tunazipiga eksirei. Umbo nitakuletea mkononi, utaliona kabla ya wakubwa wote.

Binti yako

3 Septemba

Shikamoo Mama,

Nilifika salama. Natumaini hujambo. Nimeichana barua hii mara mbili.

Siku nane Mama, na hukunitazama usoni hata mara moja. Nikiongea, unaangalia pembeni, kama kuna mtu amekaa begani kwangu. Nilikuletea kipande chenyewe, mfano wake tuliouchapa kwa plastiki, mkubwa kama ngumi, miaka yangu mitano yote iko mle. Ukakipapasa huku unaangalia dirisha, ukakiweka kwenye kopo la vifungo.

Najua nimekukosea. Najua miaka mitano si miwili. Ungenigombeza ningekuelewa. Lakini kunigeuzia macho? Kama hutaki nije tena, niambie tu.

Binti yako

25 Septemba

Mwanangu, tumbo langu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima kuliko ile yako ilivyonikuta. Nimelia, kisha nikamwambia Mama Pindo, naye akasema, "Ulitaka kuficha jicho kwa mtu anayeijua dawa ya jicho. Akili hizo hata cherehani haina." Basi nasema.

Hakuna jirani. Rula haikupinda. Ni mimi.

La kushoto tulichelewa, kovu limeshajijenga. La kulia nimedungwa sindano ya nne, sikukosa hata mwezi, ulivyoniagiza. Daktari anasema uvujaji umepungua. Lakini katikati bado pana lile doa. Nikikutazama usoni, uso ndio unaopotea, yanabaki masikio na nywele. Nikitazama kando, hapo begani kwako, uso unajitokeza kidogo kwa pembeni. Siku nane zote nilikuwa nakutazama, mwanangu. Kila nilipogeuza macho, ndipo nilipokuwa nakuona.

Sikukuambia kwa sababu ungeziacha fuwele zako ukimbilie huku, halafu uniongoze chooni kama kipofu. Nilikosea. Sasa wewe ndiye unayedhani huna mama.

Na kile kipande sikukidharau. Kwenye kopo la vifungo ndimo ninamotia mkono kutwa nzima. Nakijua. Kidole cha tatu ni kirefu, kimejikunja ndani kama ndoana. Cha tano kimekaa nje peke yake, nadhani hicho hakigusi sumu. Nimekosea? Katika vitu vyote vya siku zile, hicho peke yake ndicho nilichokiona kizima, kwa sababu mkono hauna doa.

Ndipo nikatamani na wewe nikuone hivyo. Nikaogopa ungegundua. Mpaka asubuhi ile ya kuondoka, pale kituoni, nikachukua leso nikakufuta uso, paji, mashavu, kidevu, taratibu, nikarudia. Ukacheka: "Mama, na baridi hii, jasho la wapi?"

Halikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nauangalia uso wako.

Mama yako