Jumanne Kabla ya Bei Mpya

Mapinga, 10 Aprili

Mwanangu Hajra,

Marahaba kwa shikamoo uliyomtuma kondakta wa basi aniletee. Mama yako anakusalimu sana. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila goti langu la kulia limeamua kwenda na ratiba ya mvua. Wewe je? Unakula, au unakunywa chai tu kama kawaida yako?

Barua hii nimempa kondakta ikiwa wazi kama zile nyingine, sijaipaka gundi. Tangu uingie ofisi hiyo inayopanga bei ya mafuta, nataka mtu yeyote akiiokota aisome mpaka mwisho. Aone kwamba baba mwenye sheli na binti mwenye siri za serikali wanaandikiana habari za goti.

Hii bei ya Jumatano ya wiki jana imenitesa. Vijana wa bodaboda wanasimama mbele ya pampu wakitazama namba zinavyokimbia, kisha wananitazama mimi kana kwamba ndimi niliyezikimbiza. Nawaambia, jamani, humo ndani kuna tozo juu ya tozo, changu ni kile kinachobaki kwenye mdomo wa mpira. Hawasikii ng'o. Aliyeweka tozo yuko Dodoma, mimi niko Mapinga, kwa hiyo matusi ni yangu.

Na ile Jumanne ya kila mwezi, ya kabla ya bei mpya, unaijua. Wenzangu wote wa barabara hii wanaweka pipa mlangoni, "mafuta yamekwisha", wakingoja bei ipande, na kesho yake asubuhi yamejaa tele. Mimi sijawahi kufunga Jumanne, na sifungi. Sasa watu wananiuliza, "Mzee Bilali, binti anasemaje?" Nawajibu, binti anauliza kama nimemeza dawa ya presha. Wanacheka. Lakini Pratik wa duka la vifaa vya ujenzi ameniambia kweli: watu wananisoma mimi. Nikiwa wazi, wanatulia. Siku nikifunga, watajua bei inapanda. Hebu niambie, mambo gani haya?

Mimi baba yako,
Bilali

*

Dodoma, 16 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, ninakula, na chai nimepunguza. Mwambie mama kanga zimefika.

Baba, kuhusu tozo tutagombana, lakini kwa adabu. Unakumbuka barabara hiyo kabla ya lami? Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa ananifunika uso kwa mtandio mpaka tufike Bagamoyo, na bado nilikuwa nakohoa vumbi wiki nzima. Lami haikuota. Ilitoka kwenye lita ya kila mtu. Magari yanayosimama kwako leo yanapita juu ya tozo unayoilaani.

Lakini sitakudanganya kwamba nina uhakika. Kila siku nasoma malalamiko ya watu: mama ntilie ambaye nauli imemshinda, mkulima wa Vigwaza aliyeacha nyanya zioze shambani. Nikiyajumlisha naona lami inajengwa na watu wasioweza kuipita. Hapo nakwama, baba. Wewe ungekuwa mimi ungekata nini?

Nitakuja siku ya Muungano, nikae nanyi siku mbili. Baada ya hapo tutaingia wiki yetu ya kunyamaza: hakuna simu, hakuna barua, hadi Jumatano ya bei ipite. Nilikula kiapo, na wewe ndiye uliyenifundisha kiapo ni nini.

Mwanao,
Hajra

*

Dodoma, 8 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Kwa nini ulifunga Jumanne?

Picha ya sheli yako imezungushiwa kamba imefika hadi huku. Chini yake wameandika, "Bilali kafunga, binti kamtonya." Nimeambiwa foleni zilianza Mapinga, saa sita mchana zimefika Bagamoyo mjini na Bunju, watu wakigombania mafuta kwa madumu. Na Jumatano bei ikapanda kweli. Nani ataamini kwamba sikusema kitu?

Nimeambiwa nikae nyumbani wakati wanachunguza. Kitambulisho changu cha kazi kimechukuliwa mlangoni, mbele ya watu. Baba, nataka sababu tu. Nipe sababu niwapelekee.

Mwanao,
Hajra

*

Mapinga, 12 Mei

Mwanangu,

Salamu sana. Nimesikitika kusikia hayo, na mama yako halali.

Nilikuwa na dharura ya nyumbani. Waambie hivyo. Mtu ana haki ya kufunga mlango wake siku moja bila kuitwa mwizi. Sijui bei zao, sijawahi kuzijua, na sizitaki. Mvua ni kubwa huku. Goti lile lile.

Baba yako,
Bilali

*

Dodoma, 16 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta sababu ndani yake, sikuiona.

Nilimpigia mama. Akasema tu, "Muulize baba yako." Dharura gani hiyo ambayo mama anaijua na mimi siijui? Siku tuliyomzika bibi ilikuwa Jumanne, na ulirudi makaburini ukafungua pampu. Nakujua, baba.

Kwa hiyo nauliza, na Mungu anisamehe. Nilipokuja siku ya Muungano niliacha mkoba wangu sebuleni. Ulikuwa na karatasi za kazi. Asubuhi niliukuta umehamishwa. Uliufungua? Kama uliufungua nieleze, nijue nasimamaje mbele yao. Wananiita tena wiki ijayo, na nikienda mikono mitupu, kazi imekwenda. Hata mahali pengine hawatanichukua.

Mimi mwanao,
Hajra

*

Mapinga, 19 Mei

Hajra mwanangu,

Assalaam alaykum. Mama yako mzima. Mimi nakujibu.

Mkoba niliusogeza kwa sababu bati la sebuleni linavuja. Sikuufungua.

Sasa sikiliza. Mvua ya Jumatatu ile ilijaza uwanja wote wa sheli. Jumanne alfajiri nikazamisha fimbo ya kupimia kwenye tangi la chini, nimeipaka ile dawa inayogeuka nyekundu ikigusa maji. Ikatoka nyekundu, si kidogo. Mfuniko wa tangi ulikuwa umelegea tangu mwaka jana, nami nikawa nasema nitaubadilisha, nitaubadilisha. Uzembe wangu mwenyewe.

Ningefanyaje? Niwauzie watu maji ili nionekane mwaminifu? Nikafunga kamba. Kwamba ni Jumanne ya kabla ya bei nilijua vizuri, wala sikusahau. Lakini kusema "mafuta yangu yana maji" hapa Mapinga ni kuizika sheli. Yule jamaa wa Lugoba aliyezimisha pikipiki za watu kwa mafuta yenye maji, mpaka leo wanamtaja, na sheli yake sasa wanaanikia mahindi. Nikasema nitafunga siku moja, nitamaliza kimyakimya, nani atajua. Nilikuwa nalinda jina langu, kumbe nalilinda kwa kulichoma lako.

Jana nimesimamisha bango barabarani, herufi kubwa: "JUMANNE ILE NILIFUNGA KWA SABABU TANGI LANGU LILIINGIA MAJI. SIKUAMBIWA BEI NA MTU YEYOTE. NIMELISAFISHA. BILALI." Pratik amelipiga picha na kuirusha kote ilikopita ile ya kwanza. Nimeandika pia maelezo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na fundi aliyenyonya maji ameweka sahihi. Yote yamo humu. Wapelekee.

Tangu jana hajasimama hata bodaboda mmoja. Wanapunguza mwendo, wanasoma, wanakwenda zao. Usijali. Fanya yako.

Baba yako,
Bilali

*

Dodoma, 25 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Nimerudishwa kazini leo asubuhi. Walisoma maelezo, wakampigia fundi, wakampigia mwenyekiti. Mkubwa wangu akaitazama picha ya bango kwa muda mrefu, kisha akauliza kama bado unauza.

Nisamehe kwa habari ya mkoba. Sina la kujitetea. Niliogopa, na nilipoogopa nikakushuku wewe kwanza.

Idi hii sitakuja, inaangukia wiki yetu ya kunyamaza. Mwambie mama aniwekee nyama. Na Jumanne ya kabla ya bei, baba, utafanyaje? Usinijibu sasa. Utaniambia ikishapita.

Mwanao,
Hajra

*

Mapinga, 5 Juni

Hajra mwanangu,

Marahaba. Idi ilikuwa njema. Nyama yako ipo kwenye friji la Pratik, ambaye hali nyama, kwa hiyo iko salama.

Jumanne nilifungua alfajiri. Nikaweka kiti chini ya bango langu, nikakaa. Mpaka adhuhuri hakuna mtu. Mama yako akaniletea chakula akasema, "Bilali, funga, utajiua kwa jua." Nikakataa. Sheli za huku na huku zikaanza kuweka mapipa, moja baada ya nyingine.

Alasiri akaja Ashrafu, yule bodaboda mwenye mdomo, anasukuma pikipiki kwa miguu. Akasimama mbali. "Mzee, zamisha fimbo nione." Nikaipaka dawa mbele yake, nikazamisha, nikatoa. Safi, haina doa. Akaishika mwenyewe, akainusa, ndipo akajaza. Nyuma yake wakaja wengine, na kila mmoja anataka fimbo. Sikumkatalia hata mmoja. Nilizamisha mpaka mkono ukawa hauhisi kitu. Mmoja akauliza, "Binti anasemaje?" Ashrafu akamjibu kabla yangu: "Binti hasemi kitu. Huoni mzee alivyofunga kwa maji sisi tukajifanya wajuaji?"

Tangi lilikauka jioni ile. Bei imepanda tena, na kulijaza kwa bei mpya sijui nitawezaje. Nitajua. Uliniuliza ningekata nini. Nimewaza sana pale kwenye kiti. Lami naitaka, na Ashrafu namtaka juu yake. Nadhani nisingekata kitu kabla sijakaa siku moja hapa sheli, mchana kutwa, nikiwatazama nyuso wakati namba zinakimbia. Waambie wakubwa wako waje. Kiti kipo.

Bango sitaling'oa.

Utaona barua hii nimeipaka gundi, ya kwanza tangu uanze kazi hiyo. Haina siri ya bei. Ni kwamba siku niliyosoma habari ya mkoba nililia, Hajra, nimekaa juu ya mfuniko wa tangi kama mtoto. Nimeshakusamehe, na ukija nitakupokea kituoni. Lakini sitaki kondakta ajue.

Baba yako