Fungu la Senene la Burma

Alhamisi, Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, na moyo wangu hauna raha.

Daftari, leo nimemkosea mzee wa watu. Sikutumia maneno machafu, mimi ni mwalimu, lakini nimemwambia jambo ambalo hatalisahau. Na yote ni kwa sababu ya mbwa.

Burma amezeeka. Kaka yangu Eliya alimleta kutoka Muleba akiwa kitoto, ndani ya mfuko wa koti la jeshi, mwaka ule aliorudi kutoka vitani, akampa jina la nchi alikopigana. Sasa jicho moja limeingia ukungu, meno yamebaki matatu, na miguu ya nyuma inamyumbisha anapovuka kizingiti. Eliya alipokwenda Kampala kutafuta kazi aliniachia mimi. Kila asubuhi, kabla sijashika njia ya shuleni Nshambya, namfuta macho kwa maji ya vuguvugu, nambadilishia nyasi anazolalia, nampondea ndizi kwa mchuzi wa dagaa.

Siku nne hajagusa chakula changu. Wala hajakonda.

Nikaanza kumnusa mdomo kila jioni, kama mke anayemvizia mume mlevi. Alinuka mafuta ya kukaangia. Kuna mtu anamlisha, na mtu anayemlisha mbwa wa mwenzake kwa siri ana lake jambo.

Nilijua ni nani. Ta Ishengoma, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, alikuwa karani wa misheni na sasa yuko nyumbani na kahawa yake. Mwezi uliopita alisimama langoni akasema mbwa anayeyumba vile watu watamdhania ana kichaa, na amri ya Bwana Shauri wa wilaya ni kwamba mbwa asiye na kibati cha leseni shingoni apigwe risasi. Burma hana kibati. Nilimsikia kwa upole, lakini maneno yale niliyaweka moyoni. Nikawaza kwamba mwenye nia ya kumtilia mbwa sumu huanza kwa chakula kizuri, ili amzoeshe.

Jana alasiri Burma alitapika sebuleni. Niliinama na kijiti nikachokoa. Miguu ya senene, wale panzi wa msimu wa mvua.

Huo ndio ushahidi nilioungoja, kwa maana nyumbani kwetu senene hawaliwi. Tuko wanawake wawili, Mama na mimi, na kwetu mwanamke huwaokota, huwachambua, huwakaanga, kisha huwaweka mbele ya mwanamume. Mwanamke mwenyewe hali. Mama, pamoja na miaka yake yote ya kanisani, hajawahi kumtia hata mmoja mdomoni. Mimi ninayewafundisha wasichana habari za chakula bora sijathubutu pia. Ni kweli Mama huamka alfajiri kuokota, ila wengi humpelekea mjomba, na fungu la Eliya hulikausha na kulitundika juu ya meko limngoje. Ndivyo anavyofanya kila msimu. Sikuinua macho kutazama kama mwaka huu amelitundika.

Leo asubuhi nikaenda kwa Ta Ishengoma. Alikuwa barazani anachagua buni. Nilimsalimu kasinge waitu harakaharaka, nikamwambia najua anamlisha nini mbwa wangu na kwa nia gani, na Burma akifa nitampeleka mbele ya wazee wa kanisa.

Hakupandisha sauti. Aliweka ungo chini.

"Mwalimu," akasema, "katika nyumba ile anayeficha kitu si mimi."

Niliondoka na hasira zangu. Nilijiambia nimemnasa, ndiyo maana anageuza maneno. Darasani niliwafokea watoto wa watu bila kosa.

Mvua ilipozidi tukawaachia mapema. Niliingia kwa mlango wa jikoni. Mama alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi kando ya Burma, jani la mgomba magotini, anampa senene mmoja mmoja, na kila akimeza anamfuta mdomo kwa ncha ya shuka yake. Juu ya meko hapakuwa na kitu.

Nilimuuliza, senene apewe mbwa? Hakushtuka. Hata hakunitazama.

"Mwenye fungu hili harudi, mwanangu. Acha ale mbwa wake."

Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani na viatu vyenye matope.

Daftari, hata wewe sijakuambia. Chini ya nguo katika sanduku langu kuna barua. Ilikuja wakati wa masika, kutoka kwa rafiki wa Eliya huko Kampala. Eliya aliugua, akafa, wakamzika hukohuko. Wiki ile Mama alikuwa na homa kali, nikasema nitamwambia akipona. Akapona. Nikasema tuvune kahawa kwanza. Tukavuna.

Nikafungua sanduku. Barua ipo. Mimi niliikunja mara mbili. Leo imekunjwa mara nne.

Mama hajui kusoma. Na mlimani kwetu mtu anayewasomea watu barua zao, na asiyetoa siri za watu, ni mmoja tu. Mzee yule alijua, akanyamaza, nami leo nimemwita mwuaji wa mbwa barazani kwake.

Kwa hiyo Mama amemlilia mwanawe peke yake. Sijui kwa muda gani. Tumekula chungu kimoja, tumeimba kanisani benchi moja, yeye akiningoja niseme, na mimi nilikuwa nanusa mdomo wa mbwa.

Ninaona aibu. Sina neno jingine.

Burma amelala sasa, tumbo limejaa, anakoroma. Sidhani kama atauona msimu mwingine wa senene. Kesho alfajiri nitafuatana na Mama nyasini kuokota, na nitachambua miguu yote mwenyewe, maana Burma hana meno ya kuitafuna. Kwa Ta Ishengoma nitakwenda kuomba radhi, lakini si kwanza. Kwanza nitaitoa barua ile, nikae chini karibu na Mama, nimsomee yote kwa sauti, kana kwamba hajapata kuisikia.