Keki Yangu Imefungua Sufuria Yenyewe

Shangazi Nyambu, pokea salamu kutoka Kitale, na kabla hata hujaitikia wacha nikwambie keki yangu imefungua sufuria yenyewe, sijaigusa, na Jumamosi hii natakiwa nipeleke ingine Matulo kwa mama mkwe.

Mimi ni Linah, nimeolewa na Wepukhulu, na tangu niolewe mama yake, tunamwita Mayi, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anajua watu kwa sauti na chakula kwa vidole, chapati yangu anaipapasa anasema hii ni ya Linah. Sasa Mungu ni mwema, alifanyiwa upasuaji akaona, lakini wakati wanamtoa bandeji sisi huku tulikuwa tunavuna mahindi sikuweza kwenda, akanipigia simu akasema, "Mwanangu, nimekula mkono wako bila kuuona. Jumamosi tuna maombi ya shukrani. Niletee keki niione na macho yangu," na mimi nikasema sawa Mayi, na Shangazi, keki sijawahi kupika hata siku moja!

Basi wifi yangu Phelista, yuko Amerika, akanitumia maelezo kwa simu, ati "all-purpose flour", baking powder, chumvi kidogo, nikazunguka maduka yote Kitale hakuna pakiti imeandikwa hivyo. Dada yangu Chepkemoi akaniambia, "Wee, all-purpose si ni unga ya kufanya kila kazi? Na kuinua keki si kazi? Chukua self-raising bana!" Nikaona ana akili, nikanunua, nikaongeza na baking powder vile Phelista alisema, nikajaza sufuria karibu na mdomo, nikafunika, makaa chini na makaa juu ya kifuniko vile tunaokanga huku kwetu, tukakaa uani kupukuchua mahindi. Mara tukasikia kishindo, kifuniko imeinama, makaa inabingirika, kuku wanakimbia, na keki imesimama pale imevaa kifuniko kama kofia! Tulicheka mpaka Chepkemoi akalala chini. Kuangalia tena, katikati imeanguka imekuwa shimo, na ukionja ina uchungu kama sabuni.

Halafu ile self-raising ilibaki nikamwaga kwa ndoo ya unga ya chapati vile huwa tunafanya, pakiti nikawashia jiko, na asubuhi chapati zikafura zote, Wepukhulu akasema hizi zimeokoka, zimejazwa Roho, akaomba ingine. Yeye anafurahi, mimi nalia. Nimeuliza Mama Mchungaji, kitabu chake cha Waingereza kinasema "plain flour", sasa unga ni ya nani, ya Amerika ama ya Uingereza? Nimefikiria ninunue keki ya duka, shemeji Khisa ndiye aipeleke sebuleni, mimi nibaki jikoni na masufuria kama mke wa boma, ikiwa mbaya nisiwe karibu. Nisaidie, tafadhali.

Linah, Kitale

*

Linah, pole kwa keki, na pole kwa kuku. Mimi nimecheka mpaka miwani ikaanguka, kwa hivyo kwanza nisamehe.

Sasa nikugombeze kidogo. Wewe ni mke wa namna gani anayewashia jiko jina la unga? Ukishamwaga unga wa aina mbili kwenye ndoo moja na pakiti ikawa majivu, hata malaika hawezi kukwambia ndani mna nini. Ndoo hiyo iwe ya mandazi na chapati za maji, basi. Wepukhulu ataendelea kuokoka.

Ugomvi wa Amerika na Uingereza ni wa majina tu, mama. Ile "all-purpose" ya Phelista ndiyo "plain" ya kitabu cha Mama Mchungaji: unga mweupe wa ngano, wa kawaida, usiotiwa cha kuinua. Dukani Kitale uombe huo, na pakiti usome wewe mwenyewe kabla hujalipa. Huo ndio unaohitaji baking powder. "Self-raising" imeshatiwa baking powder kiwandani, na Wamarekani huiita "self-rising", nayo yao mara nyingi ina chumvi pia. Wewe uliiongezea tena, ndiyo maana keki ikapanda ikavua kifuniko, ikachoka, ikaanguka, na ule uchungu wa sabuni ni baking powder iliyozidi. Chepkemoi ana akili kweli, ila kuuliza si ujinga!

Ukiona Mwingereza ameandika "strong" na Mmarekani "bread flour", hiyo ni ngano ya mkate, iache. Na nyinyi watu wa mahindi nawaonya mapema: "cornflour" ya Mwingereza ni ule wanga laini mweupe ambao Mmarekani huuita "cornstarch". Usije ukakimbia kusagisha kwa posho mill na debe lako la mahindi.

Alhamisi pika ya majaribio. Unga "plain" mpya, baking powder vile Phelista alivyosema, sufuria ijae nusu tu, makaa mengi yawe juu ya kifuniko na chini yabaki machache, na usifunue kila dakika kama unayechungulia mgeni. Ikipasuka juu si aibu. Ijumaa pika ya Mayi.

Ya duka sikubali. Huyo mama alikuomba mkono wako, na vidole vyake vinaujua. Ataipapasa kwanza, hata kama sasa anaona, na atajua.

Sasa hili la kubaki jikoni ndilo limeniudhi hasa. Khisa abebe soda. Wewe vua aproni, shika sahani kwa mikono miwili, ingia sebuleni mbele ya watu wote, umwendee Mayi, useme, "Mayi, ni mimi Linah." Kisha simama hapo hapo, hata kama keki imeinama upande. Miaka yote hii amekula kwako hajui unafananaje, Linah, na unadhani ni keki anayotaka kuona?

Shangazi Nyambu